Chumba kina baridi, kichwa kizito: kutafuta kasoro ya hewa ndani ya nyumba, darasa na ofisi za Tanga

"Fundi, AC inafanya kazi vizuri, lakini humu ndani tunachoka." Hiyo ndiyo simu ninayopigiwa zaidi. Ofisi za Chumbageni, fremu za Ngamiani zilizogeuzwa madarasa ya tuisheni, vyumba vya kulala vya Raskazone, malalamiko ni yaleyale, na mara nyingi kiyoyozi chenyewe ni kizima. Kinachokosekana ni hewa mpya. Hapa nimeyapanga malalamiko hayo moja moja pamoja na sababu zake, iliyozoeleka zaidi ikitangulia, ili ujikague mwenyewe kabla hujatoa hela.

Kabla ya yote: hatari moja isiyosubiri

Makala hii inahusu hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, hewa tunayoitoa sote tukipumua. Kuna ndugu yake anayeua, kaboni monoksaidi, inayotoka kwenye jiko la mkaa, jenereta na injini ya gari. Haina rangi wala harufu, na kifaa cha kupima hewa ukaa hakiioni kabisa. Kama watu wawili watatu chumbani wanaumwa kichwa kwa pamoja, wanasikia kichefuchefu na kizunguzungu, na karibu yao kuna mkaa unaowaka au jenereta inayonguruma, usitafute kasoro. Toeni kila mtu nje, msirudi ndani kuchukua simu wala pochi, pigeni 114 kwa Zimamoto, na walioumwa wapelekwe hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Umeme ukikatika usiku, jenereta ikae uani mbali na madirisha. Koridoni si mahali pake hata kama mvua inanyesha.

Namba za kukaa nazo kichwani

Hewa ya nje siku hizi ina hewa ukaa kama sehemu 420 katika kila milioni. Kifaa huandika ppm, maana yake ni hiyo hiyo. Pumzi unayoitoa ina karibu sehemu 40,000. Mtu mzima aliyekaa kwenye kiti akiandika hutoa kama lita 18 za hewa ukaa kila saa. Ukipiga hesabu, chumba kinachopata lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu, namba itatulia karibu na 900. Kikipata lita 5, itatulia karibu na 1,400. Kwa hiyo namba ile ni kama risiti: inakuonyesha umeletewa hewa mpya kiasi gani.

Alama ya 1,000 ni ya zamani sana. Mwaka 1858 Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa Munich, aliipendekeza kuwa kikomo cha hewa nzuri ndani ya jengo. Mwaka 2012 watafiti wa Berkeley, Marekani, waliwaweka watu 22 kwenye chumba chenye 600, kisha 1,000, kisha 2,500, wakawapa kazi za kufanya uamuzi. Kwa 1,000 alama zilishuka kwenye vipengele sita kati ya tisa. Kwa 2,500 zilianguka vibaya kwenye saba. Baadaye watafiti wa Denmark walipoongeza hewa ukaa safi ya mtungi hadi 3,000 hawakuona madhara hayo. Walipoiacha ipande yenyewe kwa kupunguza hewa ya nje, pamoja na jasho na harufu za miili ya watu, kazi iliharibika na vichwa vikauma.

Mimi nimelichukua hivi: iwe mkosaji ni hewa ukaa yenyewe au yale yanayopanda pamoja nayo, dawa ni moja, hewa ya nje iingie. Wala usitishwe kana kwamba 1,500 ni sumu. Kikomo kinachotumika kazini katika nchi nyingi ni 5,000 kwa saa nane. Tunachokitafuta hapa ni akili ya mtoto anayefanya hesabu saa nane mchana.

Dalili ya 1: Usingizi na makosa baada ya muda mfupi chumbani, ukitoka nje unapona

*Sababu ya kwanza, na ndiyo ninayoikuta karibu kila mara: madirisha yamefungwa, AC ya ukutani imewashwa.* Watu wengi wanaamini lile boksi la nje linavuta hewa ya nje na kuileta ndani. Halivuti. Nenda kaangalie pale ukutani: zinapita bomba mbili za shaba zilizovishwa sponji, waya, na mpira wa kutolea maji. Hakuna njia ya hewa. Zile bomba zinabeba gesi ya kupoza tu. AC inachukua hewa ileile mliyokwisha kuipumua, inaipoza, inawarudishia. Kitufe cha feni kwenye remoti nacho kinazungusha hewa ya ndani, na pangaboi la darini vilevile. Baridi inakudanganya kwamba hewa ni safi.

Cha kufanya: zima AC, fungua madirisha ya pande mbili na mlango kwa dakika kumi, kisha funga uwashe tena. Rudia kila baada ya kipindi kimoja. Kwa nini uzime? Kwa sababu hewa ya Tanga ina unyevu mwingi. Ukiiingiza kwa wingi huku koili, ile mirija ya kupoza iliyomo ndani ya AC, ikiwa baridi, AC itatiririsha maji kuliko mpira wake unavyoweza kuyatoa, na utaniita tena kwa ukuta uliolowa.

*Sababu ya pili: watu wamezidi chumba.* Hapa nieleze kwa kirefu.

Kuna darasa moja la tuisheni ghorofani, chumba cha mita 8 kwa 7, kimo mita 3. Wanafunzi 45. Madirisha yote yapo upande wa barabara, ya aluminiamu ya kusukuma, yamefungwa kwa sababu ya kelele za bodaboda. Nyuma kuna mlango wa chuma unaoelekea ngazi za uani, umewekewa mabenchi mabovu. Baada ya dakika arobaini za somo kifaa kilisoma 2,300. Mwalimu akaniambia, "Fundi, hawa wa jioni ni wavivu, wa asubuhi ndio wanaojua." Wa asubuhi walikuwa 15.

Tukafungua madirisha kwanza. Nikawasha kijiti cha udi, nikakishika karibu na dirisha. Moshi ukapanda wima kama uzi, ukakunjika ulipofika darini, ukabaki hapo hapo. Tukasogeza mabenchi, tukafungua ule mlango wa nyuma. Moshi ukalala. Ukanyooka kuelekea mlangoni kama bendera, na karatasi za mwanafunzi wa dawati la nyuma zikaanza kuruka. Robo saa baadaye kifaa kilikuwa chini ya 900, wanafunzi wote 45 wakiwa ndani.

"Kwa hiyo si wavivu," mwalimu akasema, akakaa kimya. Nilimwonea huruma, kwa sababu ni mwalimu anayewapenda watoto wake, na mwaka mzima alikuwa akiwagombeza kwa kosa la mlango.

Hesabu ya kukadiria: zidisha idadi ya watu kwa lita 10, ndiyo hewa unayohitaji kwa sekunde. Watu 45 ni lita 450. Feni ndogo ya chooni hutoa chini ya lita 100. Ndiyo maana sipendi kuuza feni moja ndogo kwa darasa zima. Nitakula hela yako na watoto wataendelea kusinzia.

*Sababu ya tatu: si hewa.* Joto, kiu, njaa, kulala saa tano usiku na kuamka saa kumi. Kama kifaa kinasoma 700 na watu bado wanasinzia, usilaumu chumba. Pima joto, wape maji.

Dalili ya 2: Unaamka kichwa kizito na mdomo mkavu, dakika chache nje kinapotea

Soma tena onyo la mwanzo. Kama kuna mkaa au jenereta jirani na chumba, hapo ndipo pa kuanzia.

Kama havipo, sababu kubwa ni chumba kidogo kilichozibwa. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, chenye watu wawili waliolala, kingekuwa hakivuji kabisa, namba ingepanda kwa karibu 900 kila saa. Hakuna chumba kisichovuja kabisa, lakini mafundi wa siku hizi wanakaribia. Nyumba ya zamani ya Kiswahili ilikuwa na korido katikati, mlango wa mbele barazani, mlango wa nyuma uani, na kuta za vyumba mara nyingi hazikufika kwenye bati. Hewa ilipita juu ya vichwa vya waliolala. Leo tumeweka dari ya jipsamu, tumeziba matundu ya hewa juu ya madirisha kwa saruji ili AC isipoteze baridi, na chini ya mlango tumeweka mpira wa kuzuia mende. Kila kimoja kina sababu yake. Vikikutana vyote, mnalala ndani ya kopo.

Angalia kwa utaratibu huu. Usiku wa kwanza acha mlango wa chumba wazi kwa upana wa kiganja, dirisha la sebuleni au la koridoni likiwa wazi, uone utaamkaje. Usiku wa pili fungua matundu ya juu ya dirisha kama yamezibwa kwa nailoni au gazeti. Ikisaidia lakini haitoshi, ndipo ufikirie kutoboa tundu jipya juu ya dirisha, likiwa na wavu wa mbu na grili.

Sikuambii ulale madirisha wazi. Wezi wapo na malaria ipo. Tundu la juu lenye wavu halimwingizi mwizi wala mbu, na usiku pepo za umande zinazotoka bara zinaingia humo vizuri tu.

Simamisha hapa umwite mjenzi: usitoboe ukuta karibu na linta, yaani ile zege iliyolala juu ya dirisha, wala kona ya nyumba. Kwenye zile nyumba kongwe za mjini zilizojengwa kwa mawe na chokaa, usiguse kabisa bila mtu anayezijua. Jiwe moja likitoka linavuta wenzake.

Kama kichwa kinauma hata ukilala nyumba nyingine, au unakoroma na kukatika pumzi usingizini, hilo ni la daktari.

Dalili ya 3: Madirisha yapo wazi, namba haishuki

Hewa haiingii mahali isipokuwa na pa kutokea. Kosa la kwanza siku zote ni madirisha ya upande mmoja, kama la yule mwalimu. Jaribu udi. Moshi ukisimama, tafuta mlango wa upande wa pili. Kama hakuna upande wa pili, tundu la juu juu ya mlango wa koridoni linasaidia, kwa sababu hewa ya moto hupanda na kutokea huko.

Kosa la pili ni wavu. Chukua kitambaa cheupe chenye maji, pangusa wavu wa dirisha lako. Kikitoka cheusi, umepata jibu. Vumbi la barabarani likichanganyika na chumvi ya bahari linakuwa kama ugali uliokaukia sufuriani, hewa haipiti. Ng'oa, sugua kwa sabuni na brashi ya viatu, rudisha.

Kosa la tatu ni aina ya dirisha. La aluminiamu la kusukuma halifunguki zaidi ya nusu yake. Luva za vioo zinafunguka karibu zote, na mtu akiniambia anajenga darasa namwambia aweke luva, ingawa najua si fasheni.

Kosa la nne watu hawalitegemei: majira. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi inashika kuanzia Aprili. Dirisha linaloingiza hewa Januari linaweza kuwa linatolea hewa Juni. Hilo si baya, mradi lipo jingine upande wa pili. Ila kama jirani amejenga ukuta mrefu upande wa kusini, chumba chako kitapumua miezi ya kaskazi na kukabwa miezi ya kusi. Katikati ya majira, pepo zinapogeuka, kuna siku upepo hauvumi kabisa. Siku hizo ndizo feni inapohitajika.

Dalili ya 4: Feni ya kutolea hewa inazunguka, lakini hewa haitoki

Bandika karatasi ya chooni kwenye uso wa feni, upande wa ndani. Ikinata, inavuta. Ikianguka, endelea.

Je, inazunguka upande sahihi? Nimezikuta zilizofungwa kinyume, zinaingiza moshi wa jiko la jirani. Je, vile vibati vya nje vinavyojifunga vyenyewe vimekwama kwa kutu? Huku pwani kutu ni lazima. Je, panga zake zimejaa vumbi na mafuta? Kisha swali linalosahaulika: hewa ya kuingia inapitia wapi? Feni haiwezi kutoa hewa kwenye chumba kilichofungwa. Itavuta kutoka popote, na pa rahisi mara nyingi ni tundu la choo. Ikiwashwa na harufu ya choo ikaanza, fungua dirisha la upande wa mbali.

Simamisha hapa umwite fundi umeme: kabla ya kusafisha, zima kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya ukutani tu. Feni inayonguruma bila kuzunguka, inayonuka plastiki kuungua, au inayokupiga shoti ukiigusa, usiifungue. Kapasita yake inashika umeme hata baada ya kuzimwa.

Dalili ya 5: Kifaa kinasoma namba za ajabu

Kikisoma 300 ndani ya nyumba, kimepotoka, kwa sababu hata ufukweni hupati chini ya 400 na kitu. Kitoe barazani kivulini, mbali na watu, kiache nusu saa. Kinapaswa kutulia karibu na 420. Vingi vina kitufe cha kujirekebisha nje, tumia hicho. Vingine hujirekebisha vyenyewe kwa kuchukulia kwamba namba ya chini kabisa viliyoiona kwa siku kadhaa ni hewa ya nje. Ukikiweka kwenye chumba kisichopata hewa safi hata siku moja, kitajidanganya na kukudanganya nawe. Kipeleke nje mara moja kwa wiki.

Kikiruka hadi 3,000 ukipuliza marashi au ukifukiza ubani, hicho hakipimi hewa ukaa. Kinanusa harufu na kukisia. Kinachopima kweli hutumia mwanga wa infraredi, na bei yake ni kubwa zaidi. Usikiweke dirishani, wala mbele ya mdomo wako. Kiweke kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa, mita moja au zaidi kutoka kwa mtu.

Ukiwa na kifaa kizuri unaweza kupima chumba chenyewe. Watu wakishatoka wote, andika namba na saa, milango na madirisha yakae kama yanavyokaa wakati wa kazi. Tuseme inasoma 1,820. Toa 420 ya nje, ziada ni 1,400. Subiri ziada ishuke hadi kama 515, yaani kifaa kisome 935. Ikichukua dakika 20, hewa ya chumba inabadilika mara tatu kwa saa. Kwa chumba kama cha yule mwalimu, mita za ujazo 168, hiyo ni lita 140 kwa sekunde, inayotosha watu 14. Ukiwaweka 45, sasa unajua.

Dalili ya 6: AC inanuka, au chumba kinanuka ukungu

Osha vichujio kwa maji, vikauke kivulini. Angalia kama mpira wa maji umeziba. Ukungu ukutani upanguse, lakini ukirudi, tafuta maji yanakotoka. Harufu kali ya kemikali, mafuta mafuta kwenye maungio ya bomba, au barafu kwenye koili, zima uite fundi wa AC. Gesi ya aina ya R32 iliyomo kwenye AC nyingi mpya inaweza kushika moto, hivyo usikubali mtu aijaze huku anavuta sigara au bila kutafuta inapovujia kwanza.

Ukimwita fundi

Muulize swali moja kabla ya bei: "Hewa ya nje itaingilia wapi, na itatokea wapi?" Akikuonyesha boksi la nje la AC, mshukuru, mpe nauli yake, umtafute mwingine. Akiuliza watu wangapi hukaa humo, akatembea kuangalia upande wa pili wa ukuta na kuuliza upepo wa kusi unapita wapi, mwache afanye kazi.